Kaburi Lililofagiwa

Nyanya yangu alifiwa na waume wawili, na kila mwaka mwezi wa Shaaban, kabla Ramadhani haijaingia, aliwazuru wote wawili kuwasomea. Wa pili, ambaye ndiye babu yangu, baba wa mama na mjomba, yuko makaburini Kariokor, karibu tu na nyumba yetu ya Ziwani. Wa kwanza ndiye aliyetutoa jasho. Yeye alikuwa kando ya mto, mashariki kabisa ya jiji, kwenye shamba lililoachwa na mzungu, na kumfikia ilikuwa safari ya kutwa. Damu yake sikuwa nayo hata tone. Nilikuwa nikilisema hilo waziwazi, na nyanya alikuwa akinijibu kwamba mdomo wangu utanikosesha mume.

Habari zake tulizijua sote. Alikuwa mpishi kwenye shamba hilo zamani, kabla ya vita vya Wataliano, na nyanya alikuwa mke mwari ambaye mpishi alimwacha Majengo na kumjia kila mwisho wa wiki. Siku moja hakuja. Akaja dobi wa shamba lile lile, Mwislamu mwenzao, na furushi lenye kanzu, kofia na tasbihi. Akasema mpishi ameshikwa na homa, amekufa, na wameshamzika jana yake adhuhuri. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kwetu maiti hacheleweshwi, na mwanamke hafuati jeneza. Nyanya alivishwa nyeupe akaingia eda siku ile ile. Miezi minne na siku kumi alikaa ndani, hakutoka, hakujipaka manukato, hakujitazama kwenye kioo. Alipotoka, dobi alikuwa amesharudi kwao Tanga. Kilichobaki ni maelezo aliyokuwa amewaachia wazee: kaburi liko chini ya nyumba ya mzungu, pale mto unapokata kona, na jiwe la kichwani liko upande wa mawio.

Baadaye aliolewa na babu yangu. Muda wote babu alipokuwa hai, nyanya hakumtaja mpishi hata mara moja, maana mke mwenye adabu hamlilii mume wa zamani mbele ya mume aliye naye. Babu alipofariki, na eda yake ikaisha, ndipo jina la yule wa kwanza lilipoanza kutajwa nyumbani. Mama alinuna. Nyanya akasema, “Baba yenu ana watoto wa kumwombea. Huyu wa mtoni ana nani?” Basi nikapewa mimi kazi ya kumsindikiza, kwa kuwa nilikuwa na miguu na sikuwa na la maana la kufanya.

Safari ya kwanza nilikuwa bado msichana wa shule, mapema miaka ya sabini. Tulipanda basi mpaka Kariobangi, tukateremka, tukaushika mto kwa miguu. Nyanya alibeba mrashi wa marashi, ubani kidogo na msahafu. Mimi nilibeba chupa ya chai, mahamri na kinyongo. Njia ilikuwa ya ng'ombe, nyembamba, ikipita katikati ya mashamba ya nduma na majani marefu kuliko mimi. Kwanza mto ulikuwa unanuka sabuni na vitu vibaya zaidi vya jiji. Kadiri tulivyoenda ndivyo nyumba zilivyokwisha, na harufu ikabadilika ikawa ya matope na majani yaliyooza. Kisha sauti za watu nazo zikakatika. Mtoto wa Ziwani hajui kukaa bila sauti za watu. Nilikuwa nikigeuka nyuma kila mara, nikiona majani tu yakijifunga pale tulipopita.

Ila lazima niseme ukweli: nilipofika, nilisahau kununa. Shamba lile lilikuwa na vitu vya kale ambavyo hakuna aliyekuwa akivitazama. Kwanza ulikutana na machimbo ya mawe yaliyojaa maji ya kijani yasiyotikisika. Kisha daraja la mawe lenye tao moja, lililojengwa na mateka wa Kitaliano wakati wa vita, na kwenye ukingo wake walikuwa wamechonga msalaba na herufi za majina yao. Ng'ambo kidogo palikuwa na kanisa lao dogo, dogo kiasi kwamba watu ishirini wangebanana, bila paa na bila mlango. Ukutani mmoja wao alikuwa amechora kijiji cha kwao: nyumba nyeupe juu ya kilima, na mto chini yake. Rangi ilikuwa imebanduka, nyumba nyingine hazikuwa na milango tena, na kwenye njia ya kilima palichorwa watu wadogo waliokuwa wamepoteza nyuso. Nilikaa mbele ya mchoro ule mpaka nyanya akaniita mara ya tatu. Tangu siku hiyo nilikuwa nikimwambia mama kwamba naenda kumsaidia nyanya, na kumbe naenda kutazama magofu.

Baada ya kanisa ilikuja karakana ya katani yenye mashine zilizoliwa na kutu, halafu mwinuko, na juu yake nyumba ya mzungu. Madirisha hayakuwa na vioo. Ndani kulikuwa na mahali pa kuotea moto, na bafu la chuma lililojaa majani makavu. Jiko lilikuwa nje, chumba cha peke yake chenye moshi wa miaka mingi kwenye kuta. Niliingia kwa udadisi wangu. Nikaona kulabu za kutundikia sufuria, na chini pana jivu. Nikaweka kiganja juu ya jivu lile, sijui kwa nini, na lilikuwa na joto.

Nilitoka mbio nikamwambia nyanya. Hakushtuka hata kidogo. “Si jiko lake?” akasema. “Mpishi ataliacha jiko lake aende wapi?” Akacheka, akanishika mkono tukateremka mtoni, na mimi kiganja kilikuwa bado kinanichoma, au niliona hivyo.

Kaburi lilikuwa pale pale dobi aliposema. Mawe ya mto yamepangwa urefu wa mtu, na jiwe kubwa zaidi kichwani, upande wa mawio. Watu wetu hulazwa kwa ubavu wa kulia wakielekea kibla, na hapa kwetu kibla ni kaskazini, kwa hiyo kichwa huja mashariki. Wakristo wanaweka kichwa magharibi. Nyanya alilizunguka mara moja tu akasema, “Ni letu hili, halina shaka.” Akapiga magoti, akalia kilio cha chini cha mtu aliyekichelewesha miaka mingi. Mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Juu ya kaburi palikuwa na mkuyu mkubwa unaopukutisha majani, na ardhi yote ya pale ilikuwa imefunikwa nayo, isipokuwa kwenye kaburi. Kaburi lilikuwa limefagiwa. Mistari ya ufagio ilionekana kwenye vumbi, kuzunguka mawe yote, safi, ya asubuhi ile.

“Nani anafagia hapa?” nikauliza.

“Mtu mwema hafi akaachwa mchafu,” nyanya akajibu, akafungua mrashi.

Tulirudi mwaka uliofuata, na uliofuata, na kila tulipofika kaburi lilikuwa limefagiwa. Nilimaliza shule, nikaajiriwa mjini kupiga taipu, na bado kila Shaaban niliomba ruhusa kazini. Wenzangu wakiniuliza naenda wapi, niliwaambia naenda shamba, kwa sababu ningeelezaje? Sikutaka kuamini mambo ya wafu kujifagilia. Mimi ni mtu wa kubisha, hata redio nabishana nayo. Lakini kule mtoni ubishi wangu uliishiwa nguvu. Nikiwa kanisani natazama mchoro, nilihisi kutazamwa. Nikiwa jikoni vilevile. Nikikaa kaburini na kuipa nyumba mgongo, nywele za kisogoni zilinisimama, na nilikuwa nikijua bila kugeuka kwamba ni kutoka dirisha la jiko.

Mwaka mmoja tulisikia. Tulikuwa bado upande wa pili wa mkuyu, njia inapozunguka mzizi wake mkubwa, tukasikia ufagio. Fyaa, fyaa, fyaa, taratibu, wa mtu asiye na haraka. Nyanya alisimama akanishika mkono. Sauti ikakoma. Tulipouzunguka mzizi hapakuwa na mtu, ila vumbi lilikuwa bado linaelea juu ya mawe kwenye mwanga wa jua. Mimi nilitaka kurudi pale pale. Nyanya alinyanyua sauti akatoa salamu, “Asalaamu alaikum,” kwa unyenyekevu wa mke anayeingia chumbani kwa mumewe, na akangoja muda wa mtu kuitikia. Sikusikia kitu. Yeye, kwa jinsi uso wake ulivyong'ara, sina hakika. Siku hiyo nilimwogopa nyanya yangu mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tukakuta vigingi. Vilikuwa vimepakwa rangi nyekundu na kupangwa kwa mstari kutoka barabara ya Kangundo mpaka mtoni, na kimoja kilikuwa kimepigwa kwenye miguu ya kaburi. Tayari jiji lilikuwa limetufuata. Dandora ilishajaa watu, na sasa walikuwa wanapima zaidi. Kaburi lenyewe lilikuwa limefagiwa, na aliyefagia alikuwa amekizunguka kigingi kwa uangalifu bila kukigusa.

Nyanya hakulala vizuri tena. Alisema hawezi kufa akijua trekta litampitia mtu wake juu ya kifua. Alimwendea maalim wa madrasa yetu, akamuuliza kama inajuzu kumhamisha maiti. Maalim akawaza, akauliza wakubwa wake, akarudi na jibu kwamba kaburi likiwa hatarini kuvunjwa, inajuzu. Basi nyanya akanunua sanda mpya. Akamwita mjomba, ambaye alikuwa fundi seremala na ndiye aliyekuwa akiadhini kwenye msikiti wetu, akamwambia atafute wachimbaji. Mjomba hakupenda. Kumfukua mume wa kwanza wa mama yako si kazi ya kufurahisha. Lakini hakuzoea kumkatalia.

Tulikwenda asubuhi ya siku moja ya kazi, watu sita: nyanya, mjomba, maalim, vijana wawili wa Majengo wanaochimba makaburi, na mimi. Safari hii tulikodi pikapu mpaka kwenye vigingi. Nilikuwa nimezoea kufika pale kwa miguu, nikiliacha jiji nyuma kidogo kidogo, na kushuka tu kwenye gari mbele ya kaburi kulinitia baridi. Lilikuwa limefagiwa. Vijana waliona mistari ya ufagio, wakatazamana.

Maalim alisoma, kisha mawe yakaondolewa moja moja na kuwekwa pembeni. Nyanya alikaa chini ya mkuyu, sanda mapajani, buibui lake limemzunguka. Vijana wakaanza. Udongo wa juu ulitoka kirahisi. Walipofika kimo cha goti, jembe likalia. Wakasogea kidogo, likalia tena. Wakachimba upande wa kichwa, upande wa miguu, kila mahali sauti ni ile ile. Mmoja akachuchumaa akapapasa kwa mikono.

“Hapa hakuna msee, buda,” alimnong'oneza mwenzake. Halafu akakumbuka tulipo, akamwambia mjomba kwa heshima, “Mzee, hakuna maiti, huu ni mwamba. Hapa hapajawahi kuchimbwa na mtu.”

Mjomba akaingia shimoni mwenyewe, akapiga jembe mpaka cheche zikatoka. Mimi, miaka yote ile nilikuwa nikiogopa kwamba ndani ya kaburi lile kuna mtu. Sasa hapakuwa na mtu, na niliogopa zaidi.

Hapo ndipo tukasikia mtu akipiga kelele kutoka juu. Mwanamke alikuwa anateremka mbio kutoka jikoni kwa mzungu, mtu mzima wa makamo, leso kiunoni, kitambaa kichwani, na mkononi ufagio wa majani. Kijana mmoja alidondosha jembe akaruka nje ya shimo.

“Ngai! Mnafanya nini hapo?” alikuwa akisema. Alipomwona nyanya chini ya mkuyu, akasimama. Pumzi zilikuwa zikimpanda na kushuka. “Ni wewe,” akasema. “Mama wa Majengo.”

“Wewe nani?” akauliza nyanya.

“Mimi ni wa hapa. Baba yangu alikuwa anachunga ng'ombe ya mzungu. Nimekuwa nikiona wewe kila mwaka, kwa dirisha ya jikoni.”

“Ni wewe unayefagia?”

“Ni mimi. Mbele yangu ilikuwa baba.”

Nyanya akainuka, taratibu. Nilimwona akijaribu kutabasamu. Alidhani, na mimi nilidhani hivyo hivyo, kwamba tumekosea mahali, na sasa amepatikana mtu wa kutuonyesha. “Mwanangu, Mungu akubariki,” akasema. “Hebu tuonyeshe alipozikwa mpishi. Tumechimba hapa hatumwoni.”

Yule mwanamke akatazama shimo, akatutazama sisi mmoja mmoja. Mpaka leo naamini alikuwa akitafuta mtu mwingine wa kulisema lile jambo badala yake.

“Mama, hapa hakuna mtu,” akasema. “Hapa hakujakuwa mtu siku yoyote. Mpishi ndiye alipanga hii mawe. Yeye mwenyewe. Nilikuwa kasichana, lakini niliona. Baba alisaidia yeye kubeba kutoka kwa maji. Halafu akalala hapo chini, hivi, akaambia baba aweke jiwe moja kwa kichwa na moja kwa miguu, ndio urefu ikuwe sawa.”

Maalim akasema, “Lahaula,” kwa sauti ya chini.

“Akalala hapo?” nyanya akauliza.

“Akalala. Akainuka, akajipanguza. Akaambia baba, kuna bibi yangu atakuja hapa siku moja, asikute pachafu. Baba akaapa. Kesho yake kulikuja lori ya mzungu mwingine, wa kuhama kwenda kusini, mpishi akapanda. Hatujasikia yeye tena. Baba akizeeka akaniambia, kiapo ni kiapo, endelea. Ulikaa miaka mingi bila kuja, mama. Mimi nilifikiri umekufa.”

“Kwa nini hukuniambia?” Sauti ya nyanya ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeulizia bei ya vitunguu sokoni. “Miaka yote hii unaniona hapa.”

“Niliogopa. Ninaishi kwa hiyo jiko bila ruhusa ya mtu. Na wewe ulikuwa unalia vizuri. Nikaona nikuache.”

Nyanya akauliza swali moja la mwisho. Alikuwa mgonjwa siku hiyo? Homa, labda? Mwanamke akatikisa kichwa. “Hakuwa mgonjwa. Asubuhi alikula viazi kwetu, akacheka na watoto.”

Nilikuwa nikielewa polepole. Niliyawaza yale mawe, na mwanamume mzima, mwenye afya, amelala chali juu ya ardhi akipimiwa kaburi lake, akiangalia matawi ya mkuyu. Kichwa alikiweka mawio, kama inavyotakiwa. Alijua nani atakuja kukagua. Alijua pia kwamba hatakuja upesi, kwa sababu alijua eda ni nini. Alituhesabu vizuri: tunazika siku hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna atakayedai kuona maiti, na mke atafungiwa ndani mpaka njia zote zipoe. Kila kitu alichokihitaji ili atutoroke alikichukua kwenye desturi zetu. Nilimchukia mtu yule pale pale, kwa moyo wangu wote, na bado namchukia.

Ni mjomba aliyeona mbali zaidi yangu. Alikuwa bado shimoni, udongo mpaka magotini, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Kama mpishi aliondoka mzima, na hakutoa talaka, basi siku nyanya alipoolewa na babu yangu alikuwa mke wa mtu. Na kama alikuwa mke wa mtu, yeye mjomba, mwadhini wetu, aliyekuwa akijitaja kwa jina la baba yake na la baba wa baba yake mbele ya watu, alikuwa nani? Na mama yangu, huko nyumbani, akipepeta mchele bila habari?

“Mama,” akasema. “Kwa hivyo mimi ni mtoto wa nani?”

Maalim akakohoa, akaanza kueleza, vizuri tu, kwamba ndoa ikifungwa kwa nia safi, na watu hawajui, watoto ni wa baba yao, sheria haina ukali hapo. Ilikuwa kweli, na baadaye maneno yale yalitusaidia. Lakini mjomba hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amemkazia macho mama yake, na nilimwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa mtoto.

Nyanya alimkabidhi yule mwanamke sanda amshikie. Akashuka mpaka ukingoni mwa shimo.

“Nisikilize,” akamwambia mjomba. “Baba yako aliugua mwaka mzima kitandani kwangu. Nilimlisha kwa kijiko. Nilimwosha. Alipokata roho nilimfumba macho kwa mkono huu, nikamwona akitoka mlangoni mabegani mwa watu. Huyo ndiye mume wangu. Sina mwingine.” Maisha yangu yote nilikuwa nimemsikia akimwita babu “baba yenu”. Neno “mume wangu” alimwekea huyu wa mtoni. “Sasa toka humo ndani, unachafuka.”

Mjomba akatoka. Nyanya akaliendea lile jiwe la kichwani, akainama kulinyanyua, likamshinda. Akajaribu tena. Nilipotaka kumsaidia alinisukuma. Mjomba ndiye aliyekwenda upande wa pili akalishika, na safari hii hakukataliwa. Wakalibeba wawili mpaka ukingoni, mtu na mama yake, wakalitupa mtoni. Maji pale yalikuwa na kina. Lilizama bila kurusha maji mengi, na mto ukaendelea.

Mawe mengine aliyaacha. Aliwaambia vijana wafukie shimo ili ng'ombe wasivunjike miguu. Akamshukuru yule mwanamke, akamwachia chai yetu yote na mahamri, akamwambia kiapo cha baba yake kimekwisha leo, akapumzike. Mwanamke alilia. Nyanya hakulia. Ndani ya pikapu aliniambia, “Mama yako asijue,” nikasema sawa, lakini mjomba alikuwa ameshaamua kumwambia, na alimwambia usiku ule ule.

Nilidhani ingetulia hapo. Nyumba za watu zikajengwa kule, shamba likawa mtaa wa Komarock, kanisa la Wataliano likavunjwa kwa ajili ya mawe yake, na mimi sikupita tena njia ile ya mto. Lakini nyanya alibadilika kwa jambo moja. Maiti alikuwa amewazoea. Asiyemzoea ni mtu asiyejulikana yuko wapi, ambaye huenda ni mzee sasa, huenda ni mgonjwa, huenda ana wajukuu huko kusini, Salisbury au Ndola, huenda yuko Kariokor anauliza njia. Tangu siku ile, mlango ukibishwa jioni, alikuwa akinyanyua mkono kutuzuia kufungua. Sote tulinyamaza, hata watoto. Aliuliza mwenyewe, “Nani?” na mtu wa nje akajibu, jirani, au mjomba, au mimi nikitoka kazini na mfuko wa mboga. Nilikuwa nasimama pale barazani, nikishajibu, nikimsikia upande wa pili wa mbao akiipima sauti yangu, muda mrefu, kabla hajaniruhusu niingie kwetu.